Animal Kingdom: adui ndo mama mzazi

Naanza na maksi kabisa ili mwenye haraka zake aende. Misimu mitatu ya kwanza naipa nane na nusu kwa kumi, wa nne nane, wa tano na wa sita ntaeleza huko chini maana hapo pana kesi. Na hizo maksi karibia zote ni za mtu mmoja, mama mmoja anaitwa Smurf, ukimtoa huyu mama kinachobaki ni vijana wenye vifua wanaogelea, wanavuta unga na kuiba, na sizoni za namna hiyo zimejaa mpaka mtu unachoka kuchagua.

Kwa ambao hamjaigusa, Animal Kingdom ni sizoni ya Marekani, ilianza Juni 2016 kwenye chaneli ya TNT ikaisha Agosti 2022, misimu 6, episodi 75. Ni familia ya kina Cody, wanakaa Oceanside, California, mji wa pwani uliopakana na kambi kubwa ya jeshi ya Camp Pendleton, na kazi yao ni moja tu, ujambazi. Mama yao jina lake halisi ni Janine lakini hamna anayemwita hivyo, ni Smurf, na hata wanae hawamwiti mama. Mi hilo nalo lilinikaa kichwani, mtoto wa miaka thelathini na kitu anamwita mamaake jina la utani mbele za watu na mama anacheka.

Inaanza na dogo J, miaka 17, yuko sebuleni na mama yake, mama kazidisha heroini kafariki palepale kwenye kochi, TV inaendelea kuongea kama kawaida. Dogo hana ndugu mwingine anayemjua ikabidi ampigie bibi yake ambaye hawajaonana miaka na miaka. Bibi anakuja na gari, anamkumbatia, anampeleka nyumbani kuna bwawa la kuogelea, kuna mayai, kuna keki, kuna wajomba wamejaa. Ukiwa hujui chochote unasema bibi kaokoa mjukuu, Mungu ambariki. Af taratibu unaanza kujiuliza, kama bibi ana roho nzuri hivi na hela zote hizi, kwa nini binti yake wa kumzaa alikuwa anakufa na njaa na madawa?

Mi nina saluni hapa Soweto, Mbeya, na TV iko ukutani. Mteja wa rasta anakaa masaa matano mpaka sita, mwezi wa saba hapa baridi unaijua, mlango tumefunga, jiko la mkaa liko pembeni kwa ajili ya maji ya kuchomea nywele na chai, kwa hiyo sizoni kwetu ni kitendea kazi, ikiwa mbovu mteja anaanza kulalamika kichwa kinauma na kazi haiendi. Hii ilikaa ukutani muda mrefu na nimeiona na watu wa kila aina, ndo maana naweza kusema nini kinafanya kazi na nini hakifanyi.

Kinachofanya kazi kwanza ni kwamba huyu mama hapigi kelele. Sie tumezoea maza mbaya wa bongo muvi, mama mkwe kakunja uso, kajifunga kanga kifuani, anaongea peke yake chumbani "lazima huyu msichana atoke kwenye hii nyumba" af mziki unagonga du! du! ili hata aliye jikoni ajue huyu ni adui. Smurf hana hayo. Ellen Barkin aliyemcheza alikuwa na kama miaka 62 walipoanza, ana sauti nzito ya kukwaruza, ana tabasamu limekaa upande, na kila anapotaka kufanya jambo baya anapika. Ukiona Smurf yuko jikoni anakaanga na anauliza mtu "mwanangu umelala vizuri?" ujue kuna mtu leo hali chakula cha jioni. Wadada wa saluni walishaelewa, akishika kikaango tu wanaanza "eeeh, leo nani?"

Cha pili ni hela, na hapa naomba nikae kidogo maana ndo roho ya sizoni yenyewe.

Wale vijana ndo wanaoingia kwenye hatari, wanavunja, wanakimbizwa, wanapigwa risasi, lakini mzigo ukifika nyumbani anayehesabu ni Smurf. Anayejua unauzwa wapi ni Smurf. Anayeusafisha kupitia majumba ya kupangisha ni Smurf, na majengo yenyewe yako kwenye jina la Smurf. Wanae wanapewa mgao kadri anavyoona yeye. Aliyelishtukia hili wa kwanza pale saluni hakuwa mtu wa muvi hata kidogo, ni mama mmoja wa Uyole anauza viazi jumla, magunia yanapakiwa yanaenda Dar, ana watoto wa kiume wanne. Alikuwa kainama tunamsuka nyuma, hata sura za watu alikuwa hazioni vizuri, akasikia tu zile hela zinavyohesabiwa akauliza, "Dada, mbona anahesabu peke yake?" Tukamwambia ndo mama yao. "Nimesikia ni mama yao, nauliza mbona anahesabu peke yake, huyo anawaibia wanae." Na ni episodi ya mwanzo kabisa hapo, wengine wote bado tunamsifia Smurf nyumba yake safi.

Mwenye kucheza kikoba, kile kikundi cha kuweka hela na kukopeshana, ataelewa. Sanduku la kikoba lina kufuli tatu na funguo tatu kwa watu watatu tofauti, hamna anayelifungua peke yake hata awe mlokole vipi. Smurf ni kikoba chenye kufuli tatu na funguo zote ziko kwenye pochi yake, wanachama wanaimba nyimbo tu.

Af angalia anavyozigawa hizo funguo. Msimu wa pili wanae wanachoka, wanaanza kufanya kazi zao bila yeye, mpaka wanavamia kanisa moja kubwa la kisasa wanabeba sadaka (hapa saluni ilichafuka, watu waliokaa kimya mtu anauawa wakawaka kwenye sadaka, nikaambiwa nizime, sikuzima). Baz, yule aliyelelewa pale nyumbani bila kuzaliwa na Smurf na ndo mwenye akili za kupanga kazi, anamgeuka kabisa, anamwibia na kumsukia mpango mpaka mama anaingia ndani. Sasa wewe fikiria, mama yuko mahabusu, wanae wakubwa wako nje wanangoja urithi. Anampa nani mamlaka ya kisheria juu ya mali? J. Dogo wa juzi. Wajomba wanabaki wanamwomba mtoto wa shule hela ya matumizi. Mi nilisimama na kitana mkononi, nikasema huyu mama angezaliwa Kyela angekuwa na mashine zote za kukoboa mpunga.

Sasa tuje kwenye roho mbaya yenyewe, na hapa kuna spoila, ambaye hajaona aruke aya hii na ya chini yake. Mwisho wa msimu wa kwanza polisi wanambana Catherine, mwanamke wa Baz, mama wa mtoto wake Lena. Baz anataka kuchukua familia yake waondoke. Smurf hamtishii mtu, hachukui bastola, anakaa tu na Pope, mtoto wake mkubwa ambaye katoka jela juzi na kichwa hakijatulia, na ambaye kila mtu anajua alikuwa anampenda Catherine toka zamani, anamwambia huyu anaongea na polisi. Basi. Pope anaenda nyumbani kwa Catherine usiku, yaani anaenda kama shemeji, na anamziba pumzi na mto. Shawn Hatosy anayecheza Pope pale alistahili zawadi, ule uso wake unauona unaua na unalia kwa pamoja na hamna mziki.

Na ubaya haujaishia hapo, ndo unaanza. Kile kitoto Lena kinarudi kwenye nyumba ile ile ya bibi, kinabembelezwa na bibi, kinachezeshwa na Pope, na Pope anakipenda kwelikweli. Baz hajui. Episodi zinasonga na wewe mtazamaji unajua, unakaa na ile siri, kila Smurf akimpa mtoto kitu cha kula roho inakupasuka. Huo ndo uandishi. Angeweza kumpiga mtu risasi mbele ya wanae tukasema maza katili, tukasahau baada ya episodi mbili, lakini amemfanya mwanae aue mtu aliyempenda na amempa sababu ya kuamini amefanya kwa ajili ya familia. Pope toka siku ile hana pa kwenda, dunia nzima mtu anayejua alichofanya na bado anamkumbatia ni mama yake tu.

Kila mtoto ana kamba yake. Deran anataka baa yake mwenyewe, kafungua, mama kakasirika ile kukasirika kwa kutabasamu, anaingiza mkono mpaka baa inakuwa na harufu yake. Craig yeye ni unga na wanawake, huyo hata kamba hana haja nayo, anarudi mwenyewe akiishiwa. Aliyetoka kweli ni Julia, pacha wake Pope, mama yake J, na huyo ndo tumemkuta kafa kwenye kochi dakika za mwanzo. Kwa hiyo wote mle ndani wanajua ukiondoka kwa Smurf unaishia wapi, na hamna anayelisema mezani.

Halafu kuna lile la mabusu. Smurf anawabusu wanae wakubwa mdomoni, anawashika mashavu, anatembea na nguo za kuogelea mbele yao, anaingia wakiwa wanavaa. Pale saluni siku ya kwanza wadada walinyamaza wakawa wanaangaliana kwenye kioo. Sie huku mtoto wa kiume akishabalehe na mamaake ni shikamoo, anakaa upande wake, chumbani kwa mama haingii hovyo. Nilidhani ni mambo yao ya Kizungu tu, ila kadri inavyoenda unaona hata wenzao Wazungu mle ndani wanashangaa, wachumba wa wale vijana wanatoa macho, yaani imewekwa makusudi ikukere na hamna mhusika anayekuja kukufafanulia. Kwa hilo tu nampa mwandishi maksi.

Basi nilivyofurahia hivyo, msimu wa nne wakaanza kuharibu kidogo. Wanaturudisha 1977, Smurf binti, yuko na genge la wezi, anacheza Leila George, na namsifia kabisa yule dada anaigiza vizuri, kaipata mpaka ile tabasamu ya upande. Lakini sikuwa naihitaji. Smurf alikuwa anatisha kwa sababu hatujui katoka wapi, sasa unaniletea maisha magumu na wanaume wabaya ili nimwonee huruma? Hapa saluni waligawanyika vibaya. Kuna binti anasoma MUST, chuo kikuu cha hapa Mbeya, alisema hapana, ukimjua alikopitia ndo unamwelewa, hakupata malezi naye hakujua kulea. Yule mama wa viazi siku hiyo alikuja kufumua, akamjibu bila kugeuza shingo, "Mwanangu, mi nimelelewa na mama wa kambo, nilikuwa nalala jikoni, na sijamtuma mtoto wangu aue mkwe." Binti akasema shikamoo mama, saluni ikacheka, na mi niko upande wa mama wa viazi. Anayependa historia ya mhusika atafurahi, mi nilikuwa nazirusha zile sehemu mbele.

Karibu na mwisho wa msimu huo wa nne Smurf anakufa. Ana kansa, na kwa alivyo hataki kufa kitandani akiogeshwa na watoto aliowatawala, anataka afe kwa ratiba yake na kama kawaida anataka mtoto mmojawapo ndo aifanye hiyo kazi. Anamkazania Pope. Pope hawezi. Anayefyatua ni J, mjukuu, yule yule wa kwenye kochi. Nimeirudia hiyo sehemu mara kadhaa, si kwa sababu ya risasi, ni kwa jinsi yule mama anavyowachokoza mpaka dakika ya mwisho, hata kifo chake kageuza mtihani wa nani ananipenda.

Huku tunasema stelingi hafi. Adui anakufa, lakini anakufa mwisho wa muvi, si misimu miwili kabla! Baada ya pale zimebaki episodi 26 na zaidi na unasikia kabisa nyumba imepwaya, wale vijana wanagombana nani awe mkubwa, kazi za wizi zinazidi kuwa za sarakasi, polisi wanaonekana wakitakiwa na mwandishi. Wenyewe wameshtuka ndo maana zile za zamani wakaziongeza, wanatupeleka miaka ya themanini ili Smurf aendelee kuwepo hata kama ni binti. Msimu wa tano nauona wa sita kwa kumi. Wa sita unapanda mpaka saba na nusu kwa sababu habari ya Julia inarudi, unaelewa J alikuwa anahesabu nini kichwani muda wote ule, na episodi ya mwisho imesimama. Siisemi.

Kuhusu kuangalia na familia, hapana. Kuna uchi, kuna unga unavutwa mezani, matusi ndo usiseme. Sie rimoti ilikuwa inakaa kwa anayesuka karibu na mlango, mtoto akiingia kumfuata mamaake tunahamia taarabu.

Sasa ya toleo. Iko ya kutafsiriwa, yaani jamaa anaongea Kiswahili juu ya picha, na iko ya lugha yenyewe yenye maandishi ya chini. Nimezionja zote mbili na nasema chukua yenye maandishi, hata kama kingereza chako ni cha kuombea maji. Sina ugomvi na muvi za kutafsiriwa, za ngumi na za Kihindi nazipenda, jamaa anakuchekesha siku inaisha. Lakini hii imejengwa kwenye ukimya. Ile sehemu ya Pope na mto, kwenye lugha yake unasikia shuka na pumzi, basi. Kwenye tafsiri niliyopewa jamaa kaona kimya kimezidi akaamua kusaidia, "oyaa shemeji kaja usiku kwani kuna usalama hapa", af anacheka mwenyewe. Wateja wangu wakacheka pia. Watu wanacheka mtu anauawa! Nikaitoa. Na muda wote anamwita Smurf "bi mkubwa", kwa hiyo lile la wanae kutomwita mama linapotea lote.

Mimi niliingiziwa kwenye flashi Mwanjelwa, buku kwa msimu. Mitatu ya mwanzo picha imetulia, wa nne ni chenga na sauti inatangulia midomo, nikarudi akanibadilishia bila maneno ila ikala siku. Kagua kwanza pale pale kwenye kompyuta yake, usikubali "iko poa dada we nenda", fungua katikati ya episodi, si mwanzoni.

Na taja mwaka. Mwambie ya 2016, sizoni. Kwa sababu iko na muvi ya Australia ya 2010 yenye jina hilo hilo, ya David Michôd, na hiyo ndo mama wa zote, sizoni imetoka humo. Ile inafanyika Melbourne na imechukua mbegu kwenye kisa cha kweli cha 1988, polisi wawili vijana walipigwa risasi mtaa wa Walsh, wanaume wanne wakashtakiwa na wakaachiwa. Smurf wa kule ni Jacki Weaver, aliingia mpaka kwenye orodha ya kugombea Oscar. Yeye ni mfupi, sauti ya asali, nusu nzima ya muvi unamwona bibi tu wa kukumbatia watu, af inafika mahali mjukuu anakuwa hatari kwa wajomba zake, na bibi yule yule anakaa na polisi mchafu kupanga dogo aondolewe, kwa sauti ile ile ya kukukaribisha chai. Mi kama mtu ana jioni moja tu namwambia aangalie hiyo, haifiki hata masaa mawili, na kwa kutisha inaishinda sizoni. Ila kwa mteja wa rasta haitoshi, ukimaliza hujafika hata nusu ya kichwa.

Na usipotaja mwaka wala neno sizoni kuna la tatu. Dada anayefanya kazi kwangu nilimtuma mara moja achukue msimu wa pili, akaja na flashi imejaa simba, nyumbu na fisi wa Serengeti, masaa manne, kijana kasikia Animal akaweka animal. Mteja wetu siku hiyo aliangalia mpaka mwisho.